Sikumwonyesha Mtu Jalada

Kabula mwanangu,

Nimefunga duka mapema leo. Nimekaa nyuma ya mashine ya fotokopi nakuandikia kwa mkono, ingawa kompyuta ipo hapa mbele yangu. Mambo ya blanketi, ndoo na chandarua mama yako ameshayasema tangu juzi, na ataendelea kuyasema mpaka basi litakapoondoka kesho, kwa hiyo mimi siyagusi. Barua hii nitakupa mkononi leo, kabla ya chakula. Sitaki uikute ndani ya begi ukiwa umeshafika Singida. Humu ndani kuna jambo linalokuhusu wewe, na ukishalisoma una haki ya kuniangalia usoni na kusema utakalosema.

Jumapili, tulipokuwa tunapanga vyeti vyako kwenye bahasha, uliniuliza, "Baba, si na wewe ulifanya kazi chuo cha kanisa? Mbona uliacha?" Nikakujibu kama ninavyomjibu kila mtu, kwamba mkataba uliisha. Haukuisha. Nilikuwa na ajira ya kudumu na mlezi wa wanafunzi alinisihi nibaki. Niliondoka kwa sababu nilishindwa kukaa chumba kimoja na meza ya mtu niliyemponza.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, nje ya mji kama unaelekea Magu. Wewe ulikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi, mchungaji mmoja mpole ambaye tulizoea kumwita Mchungaji tu. Kazi yangu ilikuwa kutunza majalada. Kila mwanafunzi alikuwa na lake, na ndani yake mlikuwa na fomu ya kujiunga, ahadi aliyoisaini ya kufuata kanuni za mwenendo, na kama amewahi kuitwa kwenye kamati ya nidhamu, basi na maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake pamoja na uamuzi wa kamati. Hayo ya nidhamu yalikaa peke yake, kwenye kabati la chuma lenye funguo mbili. Mmoja nilikuwa nao mimi. Mwingine alikuwa nao Winfrida, katibu muhtasi wetu.

Winfrida alikuwa mama wa makamo, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kantini. Alipenda mazungumzo. Asubuhi alifika na habari za mtaa mzima wa Igoma, nani kajifungua na nani kahama. Lakini katika miaka yote tuliyokaa naye sikumsikia hata siku moja akitaja neno lililotoka kwenye kabati lile. Hilo nililijua mimi, kwa sababu tulikaa meza mbili zinazotazamana. Wengine walijua kicheko tu.

Sasa alikuwapo mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu, jina lake Esteria, binti wa Ukerewe. Alikuwa mkimya, anaongoza sauti ya pili kwenye kwaya, na kwenye masomo alikuwa miongoni mwa watatu wa mwanzo. Kanuni za pale zilikuwa kama hizo utakazozisaini wewe: hakuna pombe, hakuna mgeni wa kiume bwenini, ibada ya asubuhi ni lazima, lango linafungwa saa mbili usiku. Esteria alikutwa nje ya lango mara tatu ndani ya muhula mmoja. Mara ya tatu hakurudi mpaka asubuhi. Akaitwa kwenye kamati.

Aliandika maelezo kurasa mbili. Mimi ndiye niliyeyaingiza kwenye jalada lake. Karani anatakiwa ahesabu kurasa, aone sahihi na tarehe, afunge. Hatakiwi kusoma. Nilisoma yote, mara mbili. Alikuwa ameandika kwamba alizaa akiwa kidato cha pili, kwamba mtoto ana ugonjwa wa selimundu, kwamba analelewa na mama yake mdogo huko Igogo, na kwamba maumivu yakimkamata yule mtoto hayaulizi kama lango limefungwa. Mwishoni aliandika sentensi ambayo naikumbuka mpaka leo: "Naomba habari hii isitoke, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu yeyote hapa."

Kamati ilimsikiliza vizuri. Nataka ulijue hilo, maana usije ukadhani nakuandikia barua ya kulaumu kanuni. Walimpa onyo la maandishi kwa sababu hakuomba ruhusa, halafu palepale Mchungaji akamwandikia kibali cha kutoka muda wowote mtoto anapozidiwa. Akaagiza jalada lifungwe na lisiguswe. Esteria alitoka mle ndani amesimama wima kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alinipita mlangoni akaniambia, "Asante, kaka karani." Mimi sikuwa nimefanya lolote la kushukuriwa.

Wiki kama tatu baadaye, tumetoka ibadani, Mzee Shija akanivuta pembeni. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa heshima, ambaye kabla ya siku ile alikuwa akinipa mkono tu na kupita. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, mpaka zako wewe. Kisha akasema, "Mwanangu Daudi amepata mchumba hapo chuoni kwenu. Huyu binti wa Ukerewe, Esteria. Wewe ndiye unayeshika mafaili. Mwenendo wake ukoje?"

Nikamwambia, "Mzee, mambo ya mafaili siruhusiwi kuyasema."

"Najua huruhusiwi. Siulizi faili, nakuuliza wewe kama mwanangu."

Kabula, hapo ndipo nilipotakiwa kuaga. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilinishika. Haikuwa chuki, kwani Esteria hakuwa amenikosea. Ilikuwa utamu wa kuulizwa. Mtu mkubwa vile ananisubiri mimi, karani, niseme neno. Nikatazama chini, nikasema, "Basi, mzee, kabla hamjapeleka posa, muulizeni kwanza Igogo huwa anakwenda kumwona nani."

Ni hilo tu. Nilienda nyumbani nimeridhika kabisa kwamba siri sijaitoa. Nilijiambia nimeiepusha familia ya watu na aibu, na wakati huohuo nimetunza kazi yangu. Mama yako alinipakulia wali na sato nikala nikamaliza.

Mke wa Mzee Shija alikwenda Igogo. Haikumchukua siku mbili kumpata yule mama mdogo na mtoto. Uchumba ukavunjika, na hilo pengine lingevumilika. Lakini mke wa mzee alikuwa kwenye kikundi cha akina mama, na wawili watatu kati yao walikuwa na mabinti palepale chuoni. Kabla mwezi haujaisha, Esteria aliingia darasani akakuta wameandika ubaoni "Mama wa Igogo". Kwenye kwaya walianza kumwachia nafasi ya kukaa peke yake. Bwenini mtu akamuuliza mbele ya wenzake kama na baba wa mtoto naye ni wa kwaya.

Siku moja akaja ofisini. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisimama kati ya meza yangu na ya Winfrida akasema, "Naomba kujua nani alisoma jalada langu."

Winfrida alisimama akamzungushia mkono. "Mwanangu, kuna nini?" Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye droo.

Mchungaji akatuita wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Alipofika kwangu aliniuliza, "Karani, hili jalada umemwonyesha mtu?"

Nikasema, "Mchungaji, mbele za Mungu, sikumwonyesha mtu jalada."

Maneno hayo yalikuwa kweli, moja baada ya jingine. Jalada halikutoka kabatini. Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, na nilipoyasema nilimtazama machoni bila kupepesa. Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, Kabula, mdogo na mkubwa, lakini hakuna ulionisumbua kama ukweli ule.

Funguo zilikuwa mbili. Mimi nilikuwa mkimya na Winfrida alikuwa mwenye mazungumzo. Kamati haikuhitaji ushahidi mwingine. Nilimsikia Winfrida kupitia ukuta akisema, "Sikufungua kinywa changu. Mniulize jambo lolote lingine, hilo sikufanya." Walimpa barua ya kuachishwa kazi Ijumaa. Alikusanya kikombe chake, kitambaa cha kufunikia mashine na picha ya watoto wa dada yake. Akaniaga vizuri, akaniambia nimsalimie Kabula. Hakunishuku hata kidogo, nami nilimbebea begi mpaka barabarani.

Esteria aliacha chuo akiwa amebakiza muhula mmoja. Mimi nilidumu miezi minane, nikaandika barua ya kuacha kazi, nikafungua hili duka. Mama yako nilimwambia hayohayo ya mkataba.

Nadhani unafikiri mtu aliyepitia hayo alijifunza. Hata mimi nilidhani hivyo, ndiyo maana nakuomba uendelee kusoma mpaka mwisho.

Ulipokwenda shule ya bweni nilikuwa nampigia matroni wenu kila mwisho wa mwezi. Hukulijua hilo. Alikuwa muumini mwenzetu, nami nilimwomba aniangalizie mwenendo wako, kimyakimya, bila kupitia kwa mkuu wa shule. Alinieleza mengi, umelala saa ngapi, umekaa na nani, umelia kwa ajili gani. Ulipokuwa kidato cha tatu, siku ya ukaguzi wa vitanda, alikuta barua chini ya godoro lako, ya yule kijana wa shule ya jirani. Aliisoma, akairudisha ilipokuwa, akanipigia. Hakuandika popote wala hakukuadhibu. Alidhani anatusaidia wote.

Ulipokuja likizo nikashindwa kunyamaza. Unakumbuka? Tulikuwa tumekaa nje kwenye lile jiwe la mbele ya nyumba, unachambua mchele. Nikasema, "Nasikia kuna mtu anakuandikia barua zenye maua pembeni." Ukashtuka mpaka ungo ukakuponyoka. Ukauliza, "Baba, nani kakuambia?" Nikacheka nikasema dunia ina masikio. Nilijiona baba hodari.

Barua ile ulikuwa umemwonyesha mtu mmoja tu, Rehema, rafiki yako tangu darasa la kwanza. Uliporudi shuleni ulihamisha kitanda mbali na chake. Krismasi ile Rehema alikuja hapa nyumbani na mfuko wa mapera, akasimama langoni, na wewe ukamtuma mama yako akamwambie umelala. Mimi nilikuwepo. Nilimwona anavyoshuka kwenye yale mawe bila kugeuka. Halafu ukaja ukakaa karibu nami na macho mekundu, nami nikakuambia marafiki hupita. Nilikuambia hivyo nikijua kwamba Rehema hakusema neno.

Rehema hakukusaliti, mwanangu. Ilikuwa mimi na matroni. Ni miaka minne sasa umemchukia bure, na nilikuacha umchukie kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu.

Ungeweza kuniuliza kwa nini nalisema leo. Sababu yake ilianza mwaka jana. Mjomba wako wa Magu aliniomba nimsindikize kumhamisha mwanawe shule. Tulipofika tukaambiwa mwalimu mkuu ana mgeni, tukakaa kwenye benchi nje ya mlango wake uliokuwa wazi. Nikasikia sauti ya mwanaume anasema, "Mwalimu, nataka tu kujua huyu mtoto kwenye fomu yake baba yake wameandika nani. Ni jambo la ukoo."

Na sauti ya mwanamke ikajibu, "Mzee wangu, habari za mtoto nimepewa nizitunze, sikupewa nizigawe. Kama ni jambo la ukoo, mama yake yupo, nenda kamuulize. Mimi hapa nitakupa maji ya kunywa."

Yule mzee akatoka amenuna. Tukaingia. Alikuwa Esteria.

Alikuwa amenenepa kidogo na anavaa miwani, lakini nilimjua palepale, na yeye akanijua. Alishughulikia karatasi za mtoto bila haraka, akagonga muhuri, akatuaga. Nilimwambia mjomba wako atangulie. Nikabaki nimesimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mwalimu," nikasema, "zamani, lile jambo la jalada lako, ni mimi niliyesema."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Neno Igogo nililiandika mara moja tu maishani mwangu, kwenye karatasi ile. Mke wa Mzee Shija alipofika kwa mama mdogo alisema, 'Tumeelekezwa na karani wa chuo.' Wala hakuficha."

Alikuwa amejua miaka yote hiyo. Nilimuuliza mbona hakunitaja kwa Mchungaji.

"Nilipolipata hilo nilikuwa nimeshaondoka, nipo Ukerewe namuuguza mtoto. Nilimpigia Mchungaji simu, nikaambiwa amehamishwa. Nikachoka." Alivua miwani akaifuta. "Nilikuja kumaliza ualimu wangu kwingine, polepole. Mwanangu yupo, anatumia dawa zake, ana miaka ishirini na mbili. Mimi sikuhitaji wewe uje. Lakini Winfrida je? Ulimwambia?"

Nikasema sijamwambia.

"Mimi ulinikosea kwa sentensi moja, na labda hukujua itafika wapi. Yule ulimkosea kila siku uliyoamka ukanyamaza. Nenda kwake. Ukishatoka kwake, ukitaka kurudi hapa tuzungumze mambo ya msamaha, karibu."

Nilitoka Magu nikaenda moja kwa moja Igoma. Nyumba niliipata kwa kuulizauliza. Alifungua mdogo wake Winfrida, mama wa makamo anayefanana naye kila kitu isipokuwa kicheko. Nilimwambia nimekuja kumwona dada yake, tulifanya kazi pamoja. "Dada tulimzika mwaka juzi," akasema. "Pole kwa kutosikia."

Nilimwambia yote palepale mlangoni. Hakunikaribisha ndani na hakunifukuza. Nilipomaliza akasema, "Hakupata tena kazi ya ofisini. Kila alipoomba, walipiga simu chuoni wakauliza kwa nini aliachishwa. Alikuwa akishona vitambaa vya makochi. Na mpaka anaumwa alikuwa akisema, 'Mimi sikufungua kinywa.' Sisi wenyewe hapa nyumbani kuna wakati tulimwambia, dada, yameshapita, hata kama ulisema tumekusamehe." Akafunika mdomo wake na upande wa kanga. "Umesikia? Tulikuwa tunamsamehe."

Niliandika barua chuoni, nikaisaini jina langu kamili, nikaeleza nani alisema, kwa nani, na kwamba Winfrida hakuwa na kosa. Nikaomba iwekwe kwenye jalada lake la ajira na kwenye la Esteria. Baada ya miezi miwili walijibu kwa barua fupi ya heshima, kwamba kumbukumbu zimerekebishwa. Nilimpelekea yule mdogo wake nakala. Aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaniambia asante kama mtu anavyomshukuru mleta taarifa ya maji kukatika. Nilistahili hiyo. Kwa Esteria nilirudi mara moja. Tulizungumza. Hayo ni yangu na yake.

Usiku niliomweleza mama yako aliinuka akakaa kitandani. Kisha akasema, "Miaka yote hiyo ulilala nalo kitanda kimoja na mimi?" Asubuhi yake akaongeza, "Na la Rehema unasubiri mpaka nani afe?" Kumbe la matroni alikuwa analijua siku nyingi. Nilichukua muda mrefu zaidi ya alivyotaka. Leo asubuhi nimekwenda.

Rehema sasa anashona, ana cherehani yake pale Igogo karibu na soko. Alinyanyuka akaniamkia kwa magoti kama zamani. Nilimwambia mbele ya cherehani yake, bila kuzunguka. Alikata uzi, akauchomoa polepole, akasema, "Baba, mimi nilimwapia Kabula mara tatu. Mara ya tatu akaniambia asiye na kosa haapi hivyo." Nikamwambia nitakueleza leo. Akasema, "Mwambie. Ila usimwambie anipigie. Akipiga, apige kwa kutaka kwake." Basi mimi sikuambii umpigie. Nimekueleza anaposhona tu.

Sasa kuhusu huko unakokwenda, nitasema machache, maana sina mamlaka ya kuhubiri. Utasaini kanuni. Zisome kabla ya kusaini, na ukishasaini zishike, kwa sababu umeahidi mwenyewe. Ukiwa na shida ya kukutoa nje ya lango, omba ruhusa mapema. Esteria mwenyewe aliniambia hilo ndilo analolijutia. Ukiitwa kwenye kamati, nenda, sema kweli, lakini uliza nani atasoma utakachoandika na kitakaa wapi. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Na siku moja wewe ndiye utakayekuwa umeshika ufunguo. Utakuwa kiongozi wa bweni, au utafanya mazoezi ya kazi ofisini, au rafiki atakulilia begani. Atakuja mtu unayemheshimu, atakuuliza kwa upole, na utasikia ule utamu niliousikia mimi. Ukiusikia, aga uende. Hata kauli ya kuzunguka usiiache nyuma yako. Ile nusu ya neno ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu unaitoa huku ukijiona msafi.

Na ukishateleza, kwa maana utateleza, wewe ni mtoto wangu, usikae nalo. Mtu wa kuombwa radhi hatakusubiri mpaka upate ujasiri.

Limebaki moja. Kwenye fomu za chuo, ukurasa wa nyuma, kuna sehemu mbili. Ya kwanza mzazi anathibitisha kwamba amezisoma kanuni. Ya pili mwanafunzi aliyetimiza miaka kumi na nane anasema kama anakubali au hakubali chuo kimpe mzazi taarifa za mwenendo na matokeo yake. Wiki iliyopita, ulipoishika kalamu ukasita, nilikuambia, "Weka ndiyo, cha kufikiria hapo ni nini?" Ukaiacha wazi ukaondoka kwenda kuoga, na mimi nilikasirika kidogo. Sasa naelewa ulikuwa na akili kuliko mimi.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Sehemu yangu nimeisaini. Yako sijaigusa, na sitauliza umeandika nini. Ukiandika ndiyo, nitasoma watakachonitumia na kukuonyesha kila ukurasa. Ukiandika hapana, siku nitakayotaka kujua unaendeleaje nitakupigia wewe.

Nafunga barua, nakuja nyumbani. Nitakuwa nje kwenye jiwe kwa muda, ukiwa na la kuniambia. Na kama utataka kukaa kimya kwanza, chakula kitasubiri.

Ni mimi baba yako